Miaka Miwili ya Hanania

Mama mmoja alinijia wiki tatu baada ya kumzika binti yake. Mtoto alikuwa ameombewa, amepakwa mafuta, ametabiriwa kwamba mwaka hautaisha kabla hajainuka kitandani. Mama hakuja kulalamika. Alitaka kujua alikosea wapi.

"Mchungaji, niliamini. Niliamini kweli. Mungu alitaka nini tena kwangu?"

Mkononi alishika kadi ya kipaimara ya binti yake. Ilikuwa imeandikwa Yeremia 29:11.

Mstari huo tunaujua. Uko kwenye kalenda, kwenye fulana za mahafali, kwenye vioo vya daladala: Mungu anatuwazia mema, anatupa tumaini. Ni neno la kweli na ninalipenda. Lakini limetolewa katikati ya barua ya nabii Yeremia, na mstari ulio juu yake kabisa, wa 10, hauandikwi kwenye kadi. Huo unataja miaka sabini.

Mwaka 597 KK Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliizingira Yerusalemu, akamchukua mateka mfalme Yekonia pamoja na wakuu, mafundi na wahunzi. Hekalu lilibaki limesimama, ila hazina na vyombo vyake vilibebwa. Miaka michache baadaye nabii mmoja, Hanania wa Gibeoni, alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwa jina la Bwana kwamba nira ya Babeli imekwisha kuvunjwa. Katika miaka miwili vyombo vitarudi, mfalme atarudi, mateka wote watarudi.

Yeremia alikuwapo, nira ya mti ikiwa shingoni mwake kama ishara. Jibu lake la kwanza hunigusa kila ninapolisoma, kwa maana lilikuwa Amina. Alitamani iwe hivyo. Naye alikuwa na watu wa kuwalilia. Akaongeza tu kwamba nabii anayetabiri amani hujulikana neno lake linapotimia. Hanania akaivua ile nira shingoni mwake, akaivunja mbele ya watu. Yeremia akaenda zake. Aliporudi, alirudi na neno gumu: umewatumainisha watu hawa uongo. Mwaka uleule Hanania akafa.

Tumtazame Hanania kwa makini. Hakuhubiri mungu mwingine. Alitumia jina lilelile, akasimama katika nyumba ileile, na hata tumaini lake la kurudi lilikuwa na msingi, kwani siku moja watu walirudi kweli. Alichofanya ni kuweka tarehe ambayo Mungu hakuiweka. Matarajio mengi yanayotuumiza yana sura hiyo. Ndani yake mna neno la kweli kwamba Mungu huponya, hutoa, husikia. Juu yake tumebandika muda wetu na bei yetu. Siku ikipita, aliyeweka tarehe hayupo tena mbele yetu. Anayebaki akihojiwa ni mama aliyeambiwa kwamba imani yake ilipungua. Huo ni ukatili, na umefanywa mara nyingi mno katika makanisa yetu.

Barua ya Yeremia kwa wale mateka iliwataka wajenge nyumba wakae. Wapande bustani, wale matunda yake. Waoze watoto wao. Wauombee amani mji uleule uliowateka. Fikiria ilivyowachoma watu waliokuwa wamefunga virago wakihesabu miezi. Mmoja wao, Shemaya, alikasirika kiasi cha kuandika Yerusalemu akitaka Yeremia atiwe kifungoni. Mti wa matunda haupandwi na anayengoja kuondoka kesho. Kumbe ndani ya agizo hilo la kuchosha ndimo lile tumaini la mstari wa 11 lilimowekwa.

Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia, maana Biblia yetu imeandika "ninyi". Kadi na fulana nyingi zimefuata Kiingereza, ambamo neno moja hubeba mtu mmoja na umati kwa pamoja, basi kila mmoja akadhani ahadi imeandikwa kwa ajili ya mtihani wake au kiwanja chake. Ahadi hii ilipewa taifa. Mtu wa miaka arobaini aliyeisikia ikisomwa alijua kwamba yeye mwenyewe atazikwa Babeli.

Je, basi tuache kuombea wagonjwa? La. Mimi naomba, na ninaomba nikitaka wapone, kama Yeremia alivyosema Amina yake akiitaka kweli. Ila siwezi kumwambia mgonjwa siku ambayo sijaambiwa.

Yule mama tulisoma naye sura ya 28 na ya 29, taratibu. Alinyamaza sana. Kisha akauliza: "Na waliokufa hukohuko kabla ya hiyo sabini? Walikufa wakimwona Mungu kuwa nani?"

Nilimweleza habari za vibao vya udongo kutoka kijiji kimoja cha nchi ya Babeli kilichoitwa Al-Yahudu, yaani mji wa Yuda. Cha zamani kabisa ni cha mwaka 572 KK, na vingi vilichapishwa mwaka 2014. Ni hati za kawaida za maisha: madeni ya shayiri, kodi ya tende, mikataba ya mashamba. Watu walijenga, wakapanda, wakaoza. Katika vibao hivyo yumo mtu aitwaye Ahikamu, ambaye wanawe watano waligawana urithi wake hukohuko Babeli. Ndani ya majina ya watu, Wababeli waliliandika jina la Mungu wa Israeli, Yahu, kama "Yama", na jina hilo limejaa humo: wazazi wa uhamishoni waliendelea kuwaita watoto wao kwa jina la Mungu ambaye, kwa hesabu ya Hanania, alikuwa amechelewa. Baba yake Ahikamu aliitwa Rapa-Yama. Maana yake ni Yahu ameponya.

Mama akaniomba nilitamke tena.