Kuteguka kwa Kidole Gumba cha Mguu

Ukipita asubuhi katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, utawaona watu wakisukuma mikokoteni iliyojaa magunia ya viazi na mikungu ya ndizi. Simama kando ya barabara, mahali pa salama, umtazame mmoja wao miguuni. Kila apigapo hatua, kisigino huinuka, vidole hukunjika, kisha mguu huisukuma ardhi kwa nguvu. Kidole kinachofanya kazi kubwa zaidi katika kusukuma huko ni kidole gumba. Mchezaji wa kandanda, mkimbiaji na mtoto arukaye kamba hukitumia vivyo hivyo. Kwa hiyo kidole hiki kikiumia, mguu mzima hupungukiwa na nguvu.

Katika sura hii utajifunza jinsi kiungo cha kidole gumba kilivyo, jinsi kinavyoteguka, na namna ya kumsaidia aliyeumia.

Jaribio

1. Vua viatu, usimame wima karibu na ukuta.
2. Inua visigino polepole mpaka uchuchumie. Mwenzako aangalie mahali kidole gumba kinapokunjika.
3. Shuka. Sasa inua vidole gumba visiguse sakafu, kisha ujaribu kutembea hatua chache.

Umeona nini? Bila shaka mwenzako ameona kwamba kidole hukunjika pale kinapoungana na wayo. Nawe umeona kwamba ni vigumu kutembea vizuri bila kukitumia kidole gumba.

Kiungo cha kidole gumba

Mahali ambapo mifupa miwili hukutana huitwa kiungo. Kidole gumba cha mguu kina mifupa miwili tu, ambapo vidole vingine kwa kawaida vina mitatu mitatu. Mfupa wa nyuma wa kidole gumba hukutana na mfupa mrefu wa wayo, na hapo ndipo kilipo kiungo ulichokiona katika jaribio. Chini yake kuna vimifupa viwili vidogo, mfano wa punje za kunde, ambavyo husaidia kuubeba uzito wa mwili.

Mifupa hiyo hushikwa pamoja na nyuzi imara ziitwazo kano. Kano ni kama kamba za katani zinazofunga mzigo juu ya mkokoteni. Kamba ikivutwa kwa kiasi, mzigo hutulia. Ikivutwa kupita kiasi, nyuzi zake huanza kukatika.

Jinsi kiungo kinavyoteguka

Tuseme unacheza kandanda. Umeinua kisigino ili ukimbie, na vidole vyako vimeshikilia ardhi. Ghafla mchezaji mwingine anakuangukia nyuma ya mguu. Kidole gumba kinakunjwa kwenda juu kuliko kinavyoweza, na kano za chini yake zinavutika au kuchanika. Hapo kiungo kimeteguka.

Viatu laini mno na viwanja vya nyasi za bandia huongeza hatari hii. Nyasi hizo hukishika kiatu kwa nguvu, nacho kiatu laini hukiacha kidole kikunjike mno. Mwaka 1976 madaktari wa Marekani walieleza jinsi wachezaji wa huko walivyoumia vidole kwa sababu hizo. Hapa kwetu, Uwanja wa Karume ulioko Ilala, karibu na Kariakoo, ni mmoja wa viwanja vilivyowahi kuwekwa nyasi za bandia.

Kuteguka kuna ngazi tatu:

(a) Kano zimevutika tu. Kidole kinauma na kuvimba kidogo.
(b) Sehemu ya kano imechanika. Uvimbe ni mkubwa, ngozi inabadilika rangi, na kutembea kunauma.
(c) Kano zimekatika kabisa. Maumivu ni makali, na aliyeumia hawezi kuusukuma mguu wake.

Kosa la kuepuka

Watu wengi hudhani kwamba kila kiungo kilichoteguka ni mfupa uliotoka mahali pake. Kwa hiyo hukivuta kidole au kukichua kwa nguvu, ati mfupa urudi. Lakini mara nyingi mfupa haukutoka. Kilichoumia ni kano. Kamba iliyoanza kukatika haitengenezwi kwa kuivuta tena. Vivyo hivyo, kukivuta kidole huzidi kuzichana kano. Maji ya moto nayo hayafai katika siku za mwanzo, kwa kuwa huongeza damu mahali palipoumia, na uvimbe huzidi.

Jinsi ya kumsaidia aliyeumia

1. Mwambie aache mchezo mara moja, apumzike.
2. Funga barafu katika kitambaa safi, uiweke juu ya kiungo kwa dakika 15 hadi 20. Rudia mara kadhaa kwa siku, katika siku 2 za mwanzo. Baridi hupunguza maumivu na uvimbe. Usiweke barafu juu ya ngozi tupu. Ukikosa barafu, tumia kitambaa kilicholowekwa katika maji baridi.
3. Funga bendeji, lakini usikaze mno. Vidole vikiwa baridi au vikifa ganzi, ilegeze.
4. Alale au akae mguu ukiwa juu ya mto, ili maji ya uvimbe yarudi mwilini.
5. Akianza kutembea, avae viatu vyenye soli ngumu, ili kidole kisikunjike.

Mpeleke hospitali au kituo cha afya ikiwa hawezi kuukanyagia mguu, ikiwa kidole kimepinda, au ikiwa uvimbe haupungui. Huko atapigwa picha ya eksirei ili ijulikane kama mfupa umevunjika.

Ni lini atarudi mchezoni?

Huenda umesikia habari za John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyekimbia mbio ndefu za Olimpiki huko Mexico mwaka 1968. Alianguka, akaumia goti, akafungwa bendeji, akamaliza mbio akiwa wa mwisho. Ujasiri wake ulisifiwa duniani kote. Lakini usidhani kwamba kuficha maumivu kila siku ni ujasiri. Kiungo kisichopewa nafasi ya kupona hukakamaa, na mchezaji huweza kusumbuliwa nacho kwa miaka mingi. Ngazi ya kwanza huweza kupona kwa siku chache au wiki moja hivi. Ngazi ya tatu huhitaji wiki nyingi, hata miezi. Mwambie mwalimu wako unapoumia, hata kama kesho kuna mashindano. Mchezo mmoja ukikupita, mingine itakuja. Mguu wako ni huo huo.

Maswali

1. Kano zina kazi gani katika kiungo?
2. Kwa nini si vizuri kukivuta kidole kilichoteguka?
3. Eleza kwa nini aliyeumia huinua mguu juu ya mto.
4. Mwenzako ameteguka kidole gumba, na watu wanataka kukichua kwa maji ya moto. Utawaambia nini?