Stima Inayorusha na Stima Inayoua

Sogeeni hapa, kuna jambo linalowachanganya hata wazazi wenu. Fensi ya umeme, kama zile zinazolinda hifadhi ya Lewa huko kusini mwa mji wa Isiolo, hubeba volti elfu kadhaa, mara nyingine 7,000. Ng'ombe akiigusa huruka, hulia, kisha huenda zake. Soketi ya ukutani ina volti 240 tu, nayo imeua watu. Kwa nini?

Mmeona mbuzi wakiingia bomani jioni hapa Kipsing. Wa nyuma wanasukuma, lango ni finyu, wanaopenya ni wachache. Msukumo ule ndio volti. Ufinyu wa lango ni ukinzani wa ngozi yako, hupimwa kwa omu. Wanaopenya ndio mkondo, tunaouhesabu kwa ampea, na huo ndio unaoumiza mwili.

Ngozi kavu, ngumu kama ya kiganja cha mchungaji, yaweza kufika omu 100,000. Gawanya 240 kwa hizo: miliampea (yaani sehemu za elfu za ampea) 2 na kidogo, mwasho tu. Mtu akiloa, hata kwa jasho (maana laga yetu maji huyaona kwa nadra), ukinzani hushuka hadi omu 1,000 hivi. Gawanya tena: miliampea 240! Na kuanzia 10 hivi tu, misuli ya mkono hukaza na kiganja hakiachii waya hata ukitaka. Miliampea 50 hadi 100 zikipita kifuani kwa sekunde chache, moyo waweza kutetemeka ovyo badala ya kupiga, damu isisukumwe tena. Wala usitegemee ukavu wa mkono wako; stima yenyewe huiunguza ngozi na kujifungulia njia.

Na fensi je? Mtambo wake hupiga pigo fupi mno, chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde, kisha hunyamaza kama sekunde nzima. Hapo mkono hupata nafasi ya kuachia. Anayeunganisha seng'enge ya boma moja kwa moja na soketi anatega mtego wa kuua, kwa kuwa stima ya soketi hainyamazi.

Betri ya sola, volti 12, ukiishika kwa mikono mikavu hutahisi chochote. Lakini spana ikilala juu ya vichwa vyake viwili, mamia ya ampea hupita chumani, cheche zikaruka na spana ikawa moto sana.

Ninachokiogopa zaidi ni kile kisanduku kati ya betri na mashine ya kinyozi: inveta. Huingia 12, hutoka 240. Mtoto husema, "Aa, hiyo ni sola tu." Kumbe waya unaotoka upande wa pili ni stima kamili. Mwenzako akinaswa hapo usimshike, utanaswa naye. Zima inveta kwanza, ndipo umguse, na apelekwe zahanati hata akisimama na kucheka.