Sheria ya Dawa Haikai Kichwani kwa Kunakili

Maduka ya Dawa Muhimu yaliyoenea leo Tanzania Bara yalianzia hapa kwetu Ruvuma, mwaka 2003. Kabla ya hapo vijiji vyetu, toka milima ya Umatengo hadi Lituhi, Liuli na Mbamba Bay kando ya Ziwa Nyasa, vilitegemea duka la dawa baridi. Kisheria duka hilo halikuruhusiwa kuuza dawa za cheti, zile watu wanazoziita dawa moto. Ziliuzwa hata hivyo, maana zahanati iko mbali na ugonjwa hausubiri. Ndipo serikali ilipoamua kuwafundisha wauzaji, wengi wao wauguzi wasaidizi, na kuwaruhusu kuuza baadhi ya dawa za cheti kwa masharti. Siku hizi msimamizi wao ni Baraza la Famasi, kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011.

Masharti hayo hufundishwa darasani, na hapo ndipo penye shida. Mwanafunzi hunakili vifungu, huvisoma usiku kucha, hufaulu mtihani, kisha husahau. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Wengine waliirudia kuisoma, wengine walifunika karatasi wakajaribu kuikumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja waliojipima ndio walioongoza. Mtoa dawa anahitaji sheria miezi mingi baada ya mtihani, si dakika 5.

Kwa hiyo mwalimu asiulize, "Kifungu hicho kinasemaje?" Aulize hivi: "Ni jioni, kahawa bado haijalipwa. Mama ana mtoto anayekohoa na kupumua haraka. Hana cheti, anataka kapsuli nne tu za amoksilini. Utafanyaje?" Wanafunzi wajibu bila kutazama daftari, kisha wasahihishwe papo hapo. Dawa hiyo ni ya cheti, na kapsuli nne si dozi. Tena kupumua haraka kwa mtoto mwenye kikohozi ni dalili ya hatari: aende kituo cha afya jioni hiyohiyo. Mwingine ataomba achomwe sindano palepale. Duka la Dawa Muhimu haliruhusiwi kuchoma sindano, hata kama muuzaji ni muuguzi. (Hili wauguzi wenzangu hulisahau upesi kuliko wengine, kwa kuwa mikono imezoea.)

Swali lirudi kesho, lirudi baada ya wiki, na tena baada ya mwezi, likiwa na sura nyingine: mara ni mzee, mara ni jirani anayetaka akopeshwe. Kulirudia mara kumi kwa siku moja hakusaidii sana.

Baba au mama mwenye binti anayesomea kazi hii, huhitaji kujua hata jina moja la dawa. Shika daftari lake wakati ugali uko jikoni, muulize, ngoja ajibu, ndipo utazame. Asipojua, usimcheke, weka alama umwulize tena Jumamosi. Anza na hili: dawa ya cheti ikishatolewa, ni mambo gani yaandikwe kwenye rejesta kabla mgonjwa hajaondoka?