Pweza Ana Mioyo Mitatu

Wasomaji wetu wa bara mtatuwia radhi, safari hii tunazungumza mambo ya pwani. Kina mama wa kikundi kimoja huko Kwale walituuliza: mbona siku hizi pweza ni wadogo na mashimo mengi ni matupu? Hebu kwanza tumtazame mnyama mwenyewe.

Pweza ni jamaa ya konokono na chaza, ila hana gamba wala mfupa. Ana minyiri minane, na katikati yake mdomo mgumu kama wa kasuku. Ana mioyo mitatu: miwili husukuma damu kwenye matamvua, mmoja mwilini kote. Damu yake ni ya buluu kwa sababu ina shaba, si chuma kama yetu. Na ajabu zaidi, koo la chakula limepita katikati ya ubongo! Neva zake nyingi zimo minyirini, ndiyo maana mnyiri uliokatwa huendelea kujipindapinda.

Ngisi yeye ameongeza minyiri miwili mirefu ya kunasia. Dome ndiye mwenye ule mfupa mweupe mwepesi ambao watoto huuokota ufuoni.

Sasa turudi kwenye swali. Pweza jike hutaga mara moja tu maishani. Hubandika mayai, maelfu kwa maelfu, ndani ya shimo, akaziba mlango kwa mawe. Hapo hali tena. Kazi yake ni kuyapepea kwa maji mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Kwa hiyo ukimchokoa huyo kwa chuma, umeondoa na uzao wake wote.

Habari njema ni kwamba pweza hukua upesi sana, ingawa maisha yake ni kama mwaka mmoja na kitu. Huko Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004 wanakijiji walifunga mwamba mmoja kwa miezi saba. Walipoufungua walipata pweza wakubwa zaidi, na vijiji jirani vikaiga. Lakini jamani, siku ya kufungua watu wakimiminika wote pamoja, faida huisha kwa siku chache tu. Hilo lipatanwe mapema, na zamu za ulinzi pia.

Tena msifunge pwani nzima. Mama anayetegemea bamvua kupata unga wa jioni hawezi kungoja miezi saba. Fungeni sehemu moja, nyingine ibaki wazi. Kina mama wa Kwale wamekubali. Wanachobishania sasa ni mwamba upi.