Muratina ya asali yakosa nafasi katika sheria za pombe Meru na Embu

WAZEE wa Mbeere, katika Kaunti ya Embu, na wenzao wa nyanda za chini za Meru wamezoea kuipokea asali kama sehemu ya mahari. Katika karamu hizo, muratina inayotengenezwa kwa asali hiyo hiyo ndiyo huandaliwa wakwe. Hata hivyo, mzee anayeitengeneza nyumbani bila leseni huwa amevunja sheria, hata kama hajauza kikombe kimoja.

Chanzo ni Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho kutokana na aliyeiwasilisha Bungeni, Bw John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha wakati huo. Sheria hiyo ilifuta zile za awali kuhusu chang'aa na leseni za vileo. Wengi walishangilia wakidhani kwamba pombe za kienyeji zimehalalishwa. Ukweli ni kwamba kinywaji chochote chenye kileo cha kuanzia nusu asilimia, pombe ya kienyeji ikiwemo, kilihitaji leseni tangu hapo, si ya kuuza pekee bali hata ya kutengeneza.

Awali mambo yalikuwa tofauti kidogo. Sheria ya Machifu ilimpa chifu uwezo wa kudhibiti utengenezaji wa pombe za kienyeji katika eneo lake, hivyo familia yenye sherehe ilibisha hodi kwake kwanza. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, hongo ikiwemo, lakini angalau mwananchi alijua mlango wa kubisha.

Katiba iliyoidhinishwa mwaka 2010 iliweka utoaji wa leseni za pombe mikononi mwa kaunti. Jambo la kuvutia ni kwamba jukumu hilo limeorodheshwa chini ya shughuli za kitamaduni na burudani. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, Meru na Embu zingeweza kuitumia nafasi hiyo kumfikiria mtengenezaji mdogo. Lakini leseni ya kaunti haimtoshi anayetaka kuuza muratina yake kwenye chupa. Atahitaji pia kibali cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), na leseni pamoja na stempu za Mamlaka ya Ushuru (KRA). Chupa isipungue mililita 250, na maonyo ya kiafya yachukue asilimia 30 ya sehemu yake ya nje. Kiwanda kikubwa hulipia hayo yote bila taabu. Mwenye mizinga ishirini hawezi.

Hata tamasha la kuonja divai za asali lingekumbana na vikwazo, kwani saa za baa zilizowekwa na sheria ya 2010 huanza saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi na sikukuu.

Wanaotetea ukali huo wana sababu. Mwezi Mei 2014, zaidi ya watu 80 walifariki katika kaunti kadhaa baada ya kunywa pombe yenye methanoli, na Embu ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Wengine walipofuka. Mwaka uliofuata, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako mkali dhidi ya pombe za kizazi cha pili.

Lakini methanoli iliyoua watu haitoki kwenye mtungi wa asali. Muratina huchanganywa kwa maji na asali, kisha hutiwa vipande vilivyokaushwa vya tunda la mwegea, ambavyo hubeba hamira. Mtungi huwekwa penye joto kwa siku kadhaa hadi sukari igeuke kileo. Hakuna kukeneka. Methanoli ya kuua kwa kawaida ni kemikali ya viwandani inayoongezwa na mfanyabiashara mwenye tamaa ili kuzidisha ukali wa kinywaji. Asiye mwaminifu anaweza kuitia hata kwenye muratina, na ndiyo maana ukaguzi unahitajika.

Nchini Ethiopia, tej, ambayo ni divai ya asali, huuzwa hadharani katika nyumba zake maalum. Mabunge ya Meru na Embu yana mamlaka ya kuweka daraja la leseni la mtengenezaji mdogo, lenye ada nafuu na kipimo cha lita. Vibali vya KEBS na KRA, hata hivyo, vitabaki Nairobi.