Biashara: RCCM hailindi jina la bidhaa yako

Katika soko la Kadutu mjini Bukavu, kama vile katika soko la Virunga mjini Goma, bidhaa zinazotengenezwa hapa hapa nyumbani ziko nyingi: jusi ya maracuja, kahawa ya kusagwa, asali, sabuni, unga wa uji. Kila moja ina etikete yake, jina lake na rangi zake. Lakini mara nyingi mwenye bidhaa ana karatasi moja tu mkononi, ile ya RCCM, na anaamini kwamba inatosha kulinda jina hilo.

Haitoshi. RCCM, yaani rejista ya biashara, inaonyesha kwamba kampuni ipo na serikali inaitambua. Haisemi kwamba jina lililoandikwa kwenye chupa ni mali ya kampuni hiyo. Jina la bidhaa na mchoro wake huitwa alama ya biashara, na alama inasajiliwa kwingine: kwenye wizara ya viwanda, mjini Kinshasa.

Sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 ndiyo inayosimamia jambo hili. Kwa sheria hiyo, haki ya alama inapatikana kwa kuisajili, na anayetangulia kuweka faili ndiye anayetangulia kuwa na haki.

Chukua mfano wa mama anayeuza jusi yake kwa miaka 5 na wateja wameizoea. Mtu mwingine anaona jina linapendwa, anatuma faili Kinshasa na kulisajili kama lake. Kuanzia hapo, mama huyo anaweza kuambiwa kwamba yeye ndiye anayeiga. Atabaki na njia mbili: kwenda mahakamani kujaribu kuonyesha ujanja wa mwenzake, au kutupa etikete zote, kuchapisha mpya na kuanza upya kujulikana. Zote mbili zinakula pesa kuliko kusajili mapema.

Ulinzi wa alama unadumu miaka 10, na unaweza kurudishwa upya kila mara. Lakini unahusu bidhaa zilizotajwa kwenye faili tu. Mfumo wa kimataifa unaoitwa wa Nice unagawa bidhaa na huduma katika makundi 45: jibini iko katika kundi la 29, kahawa la 30, jusi la 32, nguo la 25. Aliyesajili jina kwa ajili ya jusi hawezi kutegemea faili hiyo tu kumzuia anayelitumia kwenye nguo.

Jina lenyewe pia linahesabika. Maneno yanayotaja tu bidhaa na mahali inapotoka, kama «Kahawa ya Kivu», ni vigumu kuwa mali ya mtu mmoja, kwa sababu kila mkulima wa Kivu anayahitaji. Jina lililobuniwa linalindwa kwa urahisi zaidi.

Mchoro wa etikete una sheria nyingine, ile ya haki za mtunzi ya tarehe 5 Aprili 1986. Haki hii inazaliwa pamoja na kazi yenyewe na inaendelea miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Kwa hiyo kijana aliyechora logo anaweza kuidai hata kama alilipwa, ikiwa hakuna mkataba ulioandikwa unaosema kwamba amemwachia mteja haki ya kuitumia.

Kwa wanaouza ng'ambo ya mpaka, kusajili Kinshasa hakulindi bidhaa Kigali, Kampala wala Bujumbura. RDC iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini jumuiya hiyo haina alama moja ya pamoja. Mkataba wa Paris unampa aliyesajili nyumbani miezi 6 ya kusajili katika nchi nyingine wanachama bila kupoteza tarehe yake ya kwanza.

Umbali ndio kikwazo kikubwa kwa watu wa mashariki. Tangu M23 ilipoteka Goma mwezi Januari 2025 na Bukavu mwezi Februari, safari ya Kinshasa imezidi kuwa ngumu na ghali. Hata hivyo, mwenye biashara anaweza kumpa mwakilishi aliye Kinshasa uwezo wa kuweka faili kwa niaba yake. Kwanza aombe kuangaliwa kama jina halijasajiliwa na mwingine. Kisha ahakikishe kwamba faili inaandikwa kwa jina la kampuni au la kooperative, wala si kwa jina la mwakilishi au la mshirika mmoja. Siku washirika wanapoachana, aliyeandikwa kwenye faili ndiye anayeondoka na jina.

Kwa sasa, yule ambaye bado hajafika huko aweke vizuri faktura za uchapishaji, picha zenye tarehe na mikataba yake. Makaratasi hayo hayachukui nafasi ya usajili, lakini ndiyo yatakayomsaidia kujieleza mbele ya jaji.