Risasi na Upungufu wa Damu kwa Mjamzito

Mjamzito kwa kawaida huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu pale hemoglobini, yaani wekundu wa damu, inaposhuka chini ya gramu 11 kwa desilita. Afrika Mashariki visababishi vinavyotajwa kwanza ni uhaba wa madini ya chuma, malaria na minyoo ya safura, na kwa wengi ndivyo ilivyo. Risasi, metali yenye sumu, hutajwa kwa nadra, ingawa huishambulia damu moja kwa moja na huupenya kwa wepesi zaidi mwili uliokwisha kupungukiwa chuma.

Hemoglobini hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa, kwa hatua zinazosimamiwa na vimeng'enya. Risasi huzuia kimoja cha hatua za mwanzo na kile cha mwisho kinachokitia chuma mahali pake. Hivyo chuma chaweza kuwapo na kisitumike. Aidha, chembe nyekundu hufa kabla ya kutimiza siku zake 120 za kawaida. Upungufu wa damu utokanao na risasi peke yake huonekana hasa kiwango kikiwa kikubwa, lakini mtoto tumboni hudhurika hata kwa kiwango kidogo zaidi cha risasi.

Uhusiano huo una upande wa pili. Utumbo hufyonza chuma kwa kutumia protini ileile inayoweza kupitisha risasi. Chuma kinapopungua, mwili huongeza protini hiyo ili usipoteze hata kidogo kinachopatikana, na risasi nayo hupita kwa wingi. Mama mwenye upungufu wa damu na asiye nao wakila chakula kilekile chenye risasi, wa kwanza hufyonza zaidi.

Kwa mtu mzima, zaidi ya asilimia 90 ya risasi iliyomo mwilini hukaa kwenye mifupa, tena kwa miongo. Wakati wa ujauzito na kunyonyesha mifupa hutoa kalisi kwa ajili ya mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo. Petroli yenye risasi ilikomeshwa katika nchi za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo wanawake waliokulia mijini kabla ya hapo huenda bado wana masalia yake. Kondo la nyuma haliizuii risasi kumfikia mtoto. Matokeo yake ni pamoja na mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo, na ubongo wake kudumaa.

Vyanzo vipya navyo vipo. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia sumu wakazi hadi kilipofungwa 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aliingia katika mapambano hayo baada ya mwanawe mchanga kukutwa na risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kuna pia rangi za ukutani, baadhi ya wanja, sufuria za vyuma chakavu, na vumbi linalorudi nyumbani na nguo za fundi betri. Udongo wa kula, pemba, ni hatari maradufu: sampuli za Geita, Tanzania, zilikutwa na risasi, na udongo wenyewe hukishika chuma tumboni kisifyonzwe.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa damu ikifikia mikrogramu 5 za risasi kwa desilita, na mjamzito mwenye kiwango hicho apewe kalisi na chuma ikiwa lishe yake haitoshelezi. Vidonge vya kuongeza damu ni vya lazima, ila haviondoi chanzo, na kipimo cha wekundu wa damu hakionyeshi risasi. Mjamzito ambaye damu haipandi licha ya kumeza vidonge ipasavyo aulizwe kliniki kama anakula udongo, na kazi yake na ya mumewe ni ipi.